Kilomita 300 Kwenda Kutazama Mawe

Jamani, mgeni wa kawaida akija Cape Town hana gharama. Unamsimamisha chini ya ule mlima wao uliokatwa kichwa, anapigwa picha, anairusha kwenye grupu la ukoo, mnarudi nyumbani kula ugali. Kebo ya kupandia juu ipo, ndiyo, ila tiketi yake ni hela ya kula wiki. Kwa hiyo wageni wangu wote huwaambia kebo mbovu, inasubiri spea. Hakuna aliyewahi kubisha.

Halafu nikaletewa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi wa wando, zile nyua za fito wanazozichomeka baharini, samaki anaingia mwenyewe kwa miguu yake. Yeye mwenyewe kavua uduvi kwa kanga na wenzake tangu msichana. Alikuja huku kumwona mjukuu. Arobaini ikapita. Mtoto akaota jino. Bibi yupo. Silalamiki. Natoa taarifa tu.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa Singida. Sisi utuulize alizeti, utuulize vitunguu, utuulize kuku. Maji mengi niliyoyaona utotoni ni Ziwa Singidani, na hata hayo mama alinikataza kuyasogelea. Halafu kwetu tumelelewa kwa adabu: ukimwona mama mkwe anakuja, unaacha njia. Sasa huyu nimwachie njia wapi? Nyumba ina vyumba viwili. Nikitoka bafuni, yupo. Nikifungua friji usiku, yupo nyuma yangu, ananiuliza kwa upole, "Baba, umekosa nini?"

Mlima nilimpeleka. Aliutazama kama mtu anayetazama foleni ya benki. Nikampeleka ufukweni, kule wanakokimbia na mbwa jioni. Akasimama, akanusa upepo, akaniambia, "Mwanangu, hii bahari ya kutembelea. Mimi nataka kuona bahari inayofanya kazi."

Mimi ningeijulia wapi bahari inayofanya kazi? Mimi kinyozi. Nina kiti changu na mashine zangu kule Bellville, bahari naisikia kwa wateja. Na ni mteja ndiye aliyeniponza. Mzee mmoja mstaafu, nywele zenyewe za kuhesabu, ananionyesha picha kwenye simu: kuta za mawe zimejipinda ndani ya maji, moja, mbili, tatu, kama bakuli zimepangwa sakafuni. Kwao huko Stilbaai, anasema. Mitego ya samaki ya kale. Maji yakijaa samaki wanaingia, maji yakitoka samaki wanabaki.

Ningenyamaza. Lakini jioni mezani watu wote walikuwa na habari isipokuwa mimi. Nikaona na mimi nichangie.

"Mama," nikasema huku natazama sahani, kwa heshima, "huku kuna watu walijenga wando wa mawe. Una miaka 3,000."

Mama mkwe akarudisha tonge. "Wa mawe? Baharini?"

"Ndiyo mama."

"Na mawimbi hayauvunji?"

Hilo nilikuwa silijui. "Hayauvunji," nikasema.

"Twende nikauone."

Nikamtazama mke wangu aniokoe. Akanitazama kwa lile jicho la "si umesema mwenyewe". Na akatangaza kuwa yeye hawezi kwenda, ana mtoto, ila mdogo wake atatusindikiza. Huyo shemeji ni kijana anayeishi kwangu, anakula kwangu, anatumia bando langu, na kazi yake duniani ni kupiga video.

Basi nikaazima gari. Gari lenyewe la rafiki, hita yake imekwama kwenye moto, haizimi. Na kwa kuwa nasafiri na mkwe, nikavaa kiheshima: suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, viatu vya kamba nilivyovipiga kiwi mpaka vinang'aa. Mama mkwe akatoka na dera lake, mtandio, na yeboyebo mguuni. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, masikini, hajui tunakokwenda.

Tukashika barabara ya N2. Ukitoka mjini unapanda mlima wa Sir Lowry, unashuka, halafu ni mashamba ya ngano tu, na kondoo. Caledon. Swellendam. Kondoo. Riversdale. Kondoo tena. Njia nzima nazungumza na usukani maana sijui na mkwe mtu unazungumza nini. Jasho linanitiririka kwa ile hita. Katikati ya kondoo, mama akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, leo mwezi ngapi?"

Nikafurahi. Swali ninaloliweza. "Mwezi wa kumi, mama."

Kimya. Shemeji nyuma akakohoa. Nikadhani vumbi.

Riversdale unaiacha N2, unakamata R305 kuelekea kusini mpaka baharini. Ni zaidi ya kilomita 300 toka Cape Town. Saa tisa alasiri tukaingia Stilbaai. Mji mdogo, mtulivu, Mto Goukou unaukata katikati kabla haujaingia baharini. Nyumba za wastaafu, bustani zimechanwa kama nywele. Nikauliza njia, nikaelekezwa upande wa magharibi, kule Noordkapperpunt. Nikaegesha. Nikamfungulia mama mlango. Nikatangulia kifua mbele, nikanyoosha mkono kama waziri anayezindua daraja.

Hapakuwa na kitu.

Naapa. Maji. Maji na povu. Nikatazama kushoto, maji. Nikatazama kulia, maji. Nikatoa simu nikatazama picha, nikatazama bahari. Mwamba wa pembeni ndiyo uleule. Ukuta hakuna.

"Wameubomoa," nikasema. "Watu wa huku bwana. Urithi wa miaka 3,000 wameubomoa."

Shemeji akawasha kamera.

Mama mkwe alikuwa kasimama, mtandio unapepea, anatazama maji kama mtu anayesoma barua. Akacheka kidogo. Si kicheko cha dharau. Kile cha kumhurumia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Mwanangu, nilikuuliza mwezi ngapi. Ukaniambia Oktoba."

Kumbe watu wa pwani wakikuuliza mwezi, hawataki Oktoba yako. Wanataka mwezi wa juu, ule unaoandama. Na siku ile ulikuwa mwezi pili. Na mwezi pili, kwa mtu wa Pangani, hauhitaji simu. Mwezi pili ni bamvua. Bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Bamvua saa kumi jioni maji juu, saa nne maji chini, saa nne ya usiku na saa nne ya asubuhi. Zikiingia siku za mwezi saba, mwezi nane, ni maji mafu, hayaendi wala hayarudi, mvuvi wa wando anashona nyavu.

"Lakini mama, hiyo ni kwenu Pangani. Hii ni Afrika Kusini."

"Hii bahari gani?"

Nikafungua simu. Rasi Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, ndipo wanapohesabu Bahari ya Hindi inaishia na Atlantiki inaanza. Na Stilbaai iko mashariki ya Agulhas.

"Bahari ya Hindi, mama."

"Basi ni hii hii yetu." Akageuka kurudi kwenye gari. "Ukuta wako uko chini ya hayo maji. Saa nne."

Na tarehe alikuwa anaijua toka nyumbani! Kule kwenye kondoo alikuwa ananipima.

Saa nne ya usiku sikwenda, giza lile na mawe yale. Ina maana tulale. Kulala ina maana vyumba viwili, kimoja cha mama, kimoja cha mimi na shemeji, kitanda kimoja. Bei sitaitaja, mke wangu anasoma safu hii. Usiku shemeji anakoroma, mimi naperuzi simu ili angalau nikiamka niwe na elimu. Ndipo nikagundua mambo ya kuniumiza. Kwamba watu wanaopanga mawe baharini wako dunia nzima. Ufaransa, visiwa vya Ré na Oléron, wanazo. Taiwan, visiwa vya Penghu, wanazo zaidi ya 500, moja pale Qimei ina umbo la mioyo miwili na vijana wanaokaribia kuoana huenda kupiga picha hapo. Wenzangu wanapelekwa kwenye mioyo miwili na wachumba. Mimi na mama mkwe.

Asubuhi saa nne kasoro tukarudi palepale. Na mimi sasa sikutangulia.

Lo! Bahari imevuliwa nguo. Pale palipokuwa na povu, kuna kuta. Kweli zimejipinda, nusu duara, moja imeegemea nyingine, mawe kwa mawe, hakuna saruji hata kijiko. Ndani ya kila ukuta kuna dimbwi limetulia kama beseni. Nje, mawimbi yanapiga, yanarudi, yanapiga. Ziko kama 25 hivi pale Stilbaai, na nyingine zimetawanyika pwani ile ya kusini, Arniston ziko, karibu na Agulhas ziko. Wenyewe huziita vywers.

Pembeni ya ukuta mmoja alikuwapo mzee wa Kizungu, kaptula, miguu myekundu, mbwa mmoja. Ana mazoea na mawe yale, anayagusa kwa kidole cha mguu kama fundi anayegonga vigae. Nikamsalimia. Akauliza tumetoka wapi. Tanzania, nikasema. Uso ukafunguka.

"Aa! Zanzibar! Nyie watu wa bahari. Wewe hivi vitu unavijua."

Ningemwambia nini? Nimwambie Singida? Nikafungua mdomo, nikautazama ukuta, nikasema kwa uzito, "Ni mzuri. Umenyooka."

"Umejipinda," akasema mzee.

"Umejipinda vizuri."

Nikaona kazi yangu ni ukalimani, niikamate nisidharauliwe. Nikasimama katikati yao. Mzee anasema, mimi natafsiri, mama anajibu, mimi natafsiri. Ilichukua muda mfupi kugundua kwamba sihitajiki. Mzee alisema sentensi ndefu juu ya ukuta, mimi nikashika maneno mawili, "nje" na "wimbi", bado nayapanga, mama akawa keshainama, kalaza kiganja cha mkono kama mteremko, kaupitisha mkono mwingine juu yake. Halafu akasimamisha kiganja wima. Mzee akaruka kwa furaha. "Ja! Ja!" Mbwa naye akabweka.

"Uso wa nje wameulaza," mama akanieleza mimi mkalimani, "ili wimbi lipande juu yake lisiusukume. Uso wa ndani wameusimamisha, samaki asipate pa kupandia. Na tazama huku juu, uko sawa wote. Ungekuwa na bonde mahali, maji yangetokea hapo na samaki wangefuata. Huyu aliyejenga ana akili."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayethibitisha.

Wakaendelea. Kwa mikono. Mimi katikati kama nguzo ya umeme. Nilichokiokota ni hiki. Samaki hufuata maji yanayojaa, huja kula ufukweni, hupita juu ya ukuta bila kuuona. Maji yakianza kukupwa, yanapenya katikati ya mawe na kutoka. Samaki hawezi kupenya. Usiku wa giza ndio mzuri. Bamvua ndilo bora. Ndani ya dimbwi mawe yote yameondolewa, yamepelekwa ukutani, ili chini pawe peupe na wavu upite. Na samaki usiyemtaka humgusi, anakaa kwenye maji akiwa hai, maji yakirudi anakwenda zake. Hilo mama alilipenda sana. Huku kwao kujaa na kukupwa ni kama mita 2 tu, akashangaa, maana sisi upande wa Zanzibar na Pangani bamvua linafika karibu mita 4, boti zinalala ubavu kwenye mchanga. Sisi. Nimesema sisi. Nilianza kuingia kwenye mambo.

"Na sasa wanavua?" akauliza.

Mzee akaeleza kuwa eneo lile ni hifadhi ya bahari tangu 2008, si kila mtu anaingia na wavu wake. Ila kuta lazima zitunzwe, na yeye ni mmoja wa wanaozitunza.

Hapo nikaona nafasi yangu. Historia! Nimesoma usiku kucha. Nikakohoa. "Miaka 3,000," nikamwambia mzee, nikipiga ukuta kofi la kirafiki. "Wakhoi na Wasan. Wazee wetu wa kale."

Mzee akakuna shingo. Watu waliolelewa vizuri ndivyo hukuna shingo wakitaka kukuvunja moyo. Akasema ndivyo ilivyoaminika zamani, mtafiti Graham Avery aliandika juu ya umri wa kuta hizi mwaka 1975, na wengi wakachukulia ni za kabla ya wakoloni. Halafu mwaka 2010 wakatoka wataalamu wengine na andiko lao. Walihoji wazee, wakachimbua nyaraka, wakalinganisha picha zilizopigwa toka ndegeni. Wakasema kuta nyingi tunazoziona leo zilijengwa, au zilijengwa upya, mwishoni mwa karne ya 19 na ndani ya karne ya 20, na wakulima wa hapahapa. Hoja yao mojawapo ni kwamba ukuta usipotunzwa, bahari inaubomoa. Hauwezi kukaa miaka 3,000 unawasubiri watalii.

"Kwa hiyo huu una miaka mingapi?"

Akainua mabega. Babu yake aliupanga, akasema. Baba yake aliupanga. Yeye aliupanga mwaka jana.

Mwaka jana!

Jamani, mimi nimelipia mafuta ya miaka 3,000. Hita nimeivumilia ya miaka 3,000. Vyumba viwili. Kumbe ukuta wa mwaka jana? Bellville kuta za umri huo zimejaa, tena zina maduka ndani. Na uchungu wenyewe ni kwamba eneo lilelile, pango la Blombos, haliko mbali na mji, wamekuta watu walichora mistari kwenye jiwe kwa rangi nyekundu miaka kama 73,000 iliyopita. Elfu sabini na tatu! Kuna mikuki ya mawe ya zama hizo hadi leo inaitwa kwa jina la mji huu. Umri upo Stilbaai, umejaa tele. Mimi nikaenda kuangukia kwenye kitu kipya.

Nikamtafsiria mama kwa sauti ya msiba. Nikamwomba radhi. Nikasema tumedanganywa, huu si wa kale, ni wa wakulima, umepangwa mwaka jana.

Mama mkwe akanitazama muda. "Wando wa baba," akasema, "kila msimu anakwenda mikokoni kukata fito mpya. Kamba mpya. Kusi likipiga, nusu yake inaondoka. Anaanza tena. Alipokufa hapakuwa na ufito hata mmoja wa siku alipoanza. Pangani nzima ukiuliza, huu wando wa nani? Watakwambia, wa fulani, na kabla yake wa baba yake. Nani kakwambia kitu cha baharini kina umri? Kina mtu, au hakina mtu."

Hili nililitafsiri vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee wa Kizungu akasikiliza, akatikisa kichwa pole pole. Halafu akasema, na kabla ya Wazungu walikuwepo wengine hapa na samaki walikuwa hawahawa, nani alipanga jiwe la kwanza yeye haapi. Kisha akainama, akanyanyua jiwe lililoanguka ndani ya dimbwi, akalipachika ukutani. Mama naye akafunga dera kiunoni, akaingia majini na yeboyebo zake, akanyanyua la kwake. Likakaa. Mzee akampigia makofi. Anamwita tannie, yaani shangazi. Mama akamwita kaka. Hawajui hata neno moja la mwenziwe.

Wote wawili wakanitazama mimi.

Na viatu vyangu vya kamba.

Nikaingia. Ningefanyaje? Maji ya kule wenyewe wanasema ya uvuguvugu, wamefananisha na nini sijui, mimi miguu ilikufa ganzi mpaka kiunoni. Nikachagua jiwe kubwa, maana dogo mama keshabeba. Nikalikumbatia. Nikanyanyuka. Hatua ya kwanza salama. Hatua ya pili nikakanyaga mwani.

Sikuanguka haraka. Ingekuwa haraka ningeshukuru. Nilianguka taratibu, kwa awamu, nalikumbatia jiwe langu, nikasimama nusu, nikaenda kando, nikasema "samahani mama" nikiwa bado hewani, nikakaa. Maji kifuani. Suruali ya kitambaa ikajaa upepo, ikaelea. Mbwa akaja kunusa.

Mama mkwe akageuza uso upande wa bahari. Hiyo ndiyo adabu ya mtu wa pwani, hakutazama. Mabega tu ndiyo yalikuwa yanatikisika.

Shemeji hakugeuza uso. Shemeji alisogea karibu apate mwanga mzuri.

Damu ikanipanda. Kijana nimemlisha. Bando langu. Nikasimama kwa hasira nimkamate ile simu, nikaruka kumfuata, nikakanyaga mwani uleule. Safari hii kifudifudi. Na hapohapo, kundi la samaki waliokuwa wamejificha kwenye kona ya dimbwi wakatimka, mmoja akaruka juu, akang'aa kama kisu, akavuka ukuta akaenda zake.

"Mkizi!" mama akapiga kelele kwa furaha. Mara ya kwanza namsikia akipiga kelele toka aje. "Mikizi! Wako hapa pia!" Kumbe ndio samaki mkuu wa mitego ile, kule wanawaita harders. Akanitazama mimi nilivyo, maji yananitoka puani, akashindwa kujizuia. "Wahenga hawakukosea. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi."

Mvuvi mwenyewe alikuwa kasimama pakavu, anauliza kama kuna mtandao.

Jiwe langu, kama mnataka kujua, lilikuwa limeangukia ukutani na likakaa. Nikajipa moyo, angalau. Wale wazee wawili wakalizunguka. Wakaliangalia. Wakashauriana kwa mikono. Wakalitoa.

Tukaondoka nimefunga kanga ya mama kiunoni, suruali inakauka dirishani. Na hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Mama alikuwa kaelekezwa na rafiki yake mpya kuwa kuna nyumba ya zamani pale mjini, Palinggat, ina chemchemi, na kwenye chemchemi kuna mikunga wa maji baridi waliozoea watu. Wanakuja wenyewe, wanalishwa maini ya kuku. Nilisimama pale na kanga yangu, wastaafu wananisalimia kwa heshima wakidhani ni vazi la taifa, naangalia mkunga mmoja mnene kama mkono wangu anapelekewa ini mdomoni. Ini la kuku! Mimi mtoto wa Singida, mkwe halali, toka mama afike kwangu firigisi na maini nayasikia harufu tu, yanakwenda kwa shemeji eti bado anakua.

Njiani kurudi hita ilikuwa na faida, suruali ilikauka Swellendam. Mama akalala. Shemeji nyuma anachekacheka peke yake na simu. Nikadhani ana mchumba.

Hana mchumba. Ana grupu la ukoo. Tulipofika Bellville video ilikuwa imeshafika Pangani, imekwenda Tanga mjini, imerudi kwangu kupitia kwa mteja Mkongo ambaye hana undugu na yeyote kati yetu. Wameiwekea taarabu. Nilivyoanguka kwa awamu, kinanda kinafuata awamu zangu. Na jina wamenipa. Juzi mjomba wa mke wangu, ambaye hatujawahi hata kuonana, kapiga simu: "Aa, Mkizi! Habari za huko?" Nimeitika. Ningefanyaje, ni mjomba.

Mama mkwe yeye kanenepa kwa furaha. Mtoto kaota la pili. Tarehe ya kurudi haitajwi tena. Wanatumiana picha na yule mzee wa Stilbaai, mzee mawe yake, mama fito zake, bila neno hata moja, na inasemekana mzee kamweleza juu ya kuta za Arniston na za kule Agulhas, kwamba nazo ziko, na baadhi zimebomoka na zinahitaji watu.

Jana usiku nikafungua friji, yupo nyuma yangu. "Baba, leo mwezi ngapi?"

Sikurupuki tena. Nina kalenda siku hizi, nimeibandika kinyozini pembeni ya kioo. "Mwezi kumi na mbili, mama."

"Haya. Bamvua la mwezi mpevu liko karibu, tutawahi." Akafunga friji kabla sijachukua kitu. "Safari hii uvae kaptula."

Kaptula, jamani! Mbele ya mkwe!